Mwanzi wa Februari

Unga niliuona Jumatano asubuhi, nilipofungua banda langu pale Ipogolo, kabla hata sijabandika chai. Ulikuwa unga laini wa rangi ya njano, umejaa kama konzi moja, chini ya kipande cha mwanzi nilichokuwa nimekiegemeza kwenye kona tangu mwezi wa nne. Nilisimama na ufagio mkononi nikajiambia ni vumbi la barabarani, maana malori hapa hayaishi kupita. Nilijua kabisa kuwa si vumbi.

Nikakigonga kile kipande. Mwanzi mzuri ukiugonga unalia. Huu uliitika kama mtu mwenye mafua. Nikauweka gotini nikaukunja, ukakatika bila kunisumbua hata kidogo. Ndani palikuwa na matundu madogo ya kutosha sindano, na wadudu weusi watatu wakitembea taratibu kama wenye nyumba. Walikuwa dumuzi, au ndugu zao wa tumbo moja, wale wale wanaomaliza mahindi ya watu ghalani.

Nikakaa chini. Nusu ya pili ya mwanzi ule haikuwa Ipogolo. Ilikuwa Isyonje, milimani juu ya Uyole, kule Mbeya, kwenye kitanda cha kubembea cha mjukuu wangu Gloria, mwenye miezi miwili na nusu.

Kitanda chenyewe nilikitengeneza hivi: miguu minne imekutana juu, miwili huku na miwili kule, na mti mmoja umelala juu yake kutoka upande hadi upande. Kwenye mti huo kinaning'inia kikapu, na kikapuni ndimo anamolala mtoto. Mguu ukivunjika, kitanda kinainama tu na mtu atawahi. Mti wa juu ukivunjika, kikapu kinakwenda chini chote, na mti wenyewe unamfuata mtoto usoni. Na mti wa juu ndio uliotokana na mwanzi niliouvunja gotini.

Mimi naitwa Blandina Kalinga. Ukishuka Ipogolo ukauliza mama wa viti vya mianzi utaletwa kwangu, na anayekuleta atakuonya kwamba nina mdomo. Ni kweli ninao. Mwaka jana nilimharibia jirani yangu Clement biashara mchana kweupe. Mteja wake alikuwa ameshakaa kwenye kiti anajaribu mgongo, nami nikamwambia kwa sauti, "Baba, hicho utanywea chai mara mbili tu, ya tatu utainywa sakafuni." Nilikuwa nimeona unga chini ya kiti. Yule mteja akaondoka, akanunua kwangu, nami nikacheka mpaka jioni.

Huku kwetu mianzi ni ya pombe ya ulanzi kwanza, viti baadaye. Mvua zikishika, wagema hukata ncha za machipukizi asubuhi na jioni, utomvu ukadondokea kwenye mbeta, vipande vya mwanzi vya kukingia, na watu wakanywa. Miezi hiyo kichaka kizima kimejaa sukari, hata mianzi iliyokomaa ambayo hakuna anayeigema. Ukiukata mwanzi wakati huo ukaufanya kiti, umewapikia dumuzi karamu. Baba yangu, aliyenifundisha kazi hii kule Kilolo, hakuruhusu panga la fundi liingie kichakani kabla ya Juni. Na hata hiyo Juni akikata mwanzi alikuwa analamba pale alipokata. Akikuta utamu, anauacha hapo hapo. Asipokuta ladha yoyote, anaubeba, anauloweka mtoni wiki tatu, kisha anaukausha kivulini umesimama. Nimelamba mianzi tangu nina miaka saba, na ninawatukana wasiolamba.

Sasa mimi huyo huyo nilikata mwanzi Februari.

Nilikuwa nimekwenda Kilolo kumzika shangazi. Eveline, binti yangu wa pekee, alikuwa mjamzito wa miezi saba huko kwa wakwe zake. Nikapita kwenye kichaka cha marehemu baba, mbeta zinaning'inia kila mahali, na katikati umesimama mwanzi mmoja mnene, umenyooka, pingili zimepishana vizuri. Nikatamani mjukuu wangu alale chini ya mwanzi wa baba yangu... hapana, niseme ukweli kama ulivyo. Nilitamani mama mkwe wa Eveline auone. Siku ya sendofu, sherehe ya kumuaga akiolewa, nilimpa mwanangu seti nzima ya viti vya mianzi, kazi ya miezi minne, na yule mama akapitisha kidole kwenye mkono wa kiti akasema mbele ya watu, "Kumbe. Sisi Mbeya mianzi tunawekea nyanya." Watu wakacheka. Nami nikacheka, maana ningefanyaje, lakini neno lile lilinikaa kooni kama mwiba wa samaki. Nilitaka nipeleke kitu ambacho hata yeye kitamfunga mdomo.

Nilikata ule mwanzi. Nikaulamba. Ulikuwa mtamu kama uji wa mgonjwa. Nikayameza yale mate, nikajiambia nitaukausha kwa moto na hakuna atakayejua. Na kweli niliukausha kwa moto, nikaupiga msasa, nikaupaka vanishi mara tatu. Mei nikakituma kitanda kwa basi.

Basi Jumatano hiyo nikiwa nimekaa chini, Clement akachungulia bandani. "Kamwene, dada. Huo unga wa nini?"

"Wa ugali. Umenimwagikia."

Akauangalia, akaviangalia vile vipande viwili mikononi mwangu. Nilingoja acheke, nilikuwa nimeshamwandalia tusi. Hakucheka. Akauliza, "Ndio ule wa kitanda cha mjukuu?"

Nikavificha vile vipande nyuma ya mgongo.

"Piga simu, dada," akasema. "Piga sasa hivi."

Simu ya Eveline ilikuwa mbovu wiki mbili nzima. Mumewe, Lusekelo, alikuwa njiani na lori la viazi kwenda Dar, na yake haikupatikana. Ikabaki namba moja tu, ya mama mkwe wake, Mama Lusekelo. Iliita mara tatu, nami kila ikiita namwona mtoto, amejinyoosha kikapuni, ngumi mbili juu ya kichwa.

"Haloo, Mama Eveline. Za huko?"

"Nzuri, mwenzangu. Za kwenu?"

"Sisi ni baridi tu."

"Mtoto hajambo?"

"Hajambo. Amelala."

"Amelala wapi?"

"Amelala, Mama Eveline. Kuna neno?"

Hapo ndipo pa kusema. Maneno yalikuwa matatu tu: mtoeni mtoto kitandani. Ulimi ulikuwa tayari. Nikamwona amesimama kwenye sendofu, kidole chake kikipita juu ya kiti changu. "Hakuna neno," nikasema. "Nilikuwa nasalimia tu."

Simu ikakatika, nami nikajichukia kuliko nilivyowahi kumchukia mtu yeyote. Nikapiga tena hapo hapo. Hapatikani. Nikapiga mara sita, hapatikani. Clement alikuwa bado amesimama mlangoni, amesikia yote. Sikuweza kumtazama. Nikavuta darini mwanzi wa Agosti iliyopita, mkavu, uliolowekwa na kusimamishwa inavyopaswa, nikachukua msumeno, kisu na kamba, nikamwachia funguo yeye niliyemvunjia biashara. Saa mbili na nusu nilikuwa barabarani.

Konda hakuutaka mwanzi wangu ndani ya basi. "Mama, hii siyo lori."

"Mjukuu wangu anaanguka," nikamwambia.

"Anaanguka wapi?"

"Mbeya."

Akanitazama kama mtu asiye mzima, akaulaza mwanzi sakafuni kati ya viti. Nilikaa nimeuwekea mguu juu ili usibiringike.

Njia nzima nilikuwa nafanya hesabu ambazo hazikunisaidia kitu. Mtoto wa umri ule hulala asubuhi, huamka kunyonya, hulala tena saa sita. Kila anapolazwa mti unashuka kidogo. Kila Eveline anapokibembeza, kamba zinausugua. Nilijaribu kukumbuka uzito wa mtoto, Eveline alisema kliniki walimpima kilo tano na nusu, na kilo tano na nusu si kitu, nikapumua. Kisha nikakumbuka jinsi kile kipande kilivyokatika gotini kwangu bila nguvu yoyote. Jirani yangu kitini alinipa hindi la kuchoma pale Mafinga. Nilipoliona tu, dumuzi wale watatu wakanirudia machoni, nikamrudishia.

Nyololo basi likasimamishwa na trafiki. Nikatoa simu, bado hapatikani. Nikaamua kuandika meseji, angalau mtandao ukirudi aione. Nikaandika: "Mtoeni Gloria kitandani mti wa juu umeliwa na dumuzi nilikata mwanzi wakati wa ulanzi nimekosea mimi." Nikaisoma. Nikafuta "nimekosea mimi". Nikaisoma tena. Nikafuta na ulanzi. Mwisho nikafuta yote, nikaandika: "Mtoeni Gloria kwenye kile kitanda. Nimeota ndoto mbaya." Nikatuma. Mama mzima, mwanachama wa jumuiya, nasingizia ndoto saa tano asubuhi.

Makambako ikapita, Igawa ikapita, Chimala wakapandisha watu wenye mchele. Meseji haikujibiwa. Nilikuwa natazama kioo cha simu mpaka macho yakauma. Ingekuwa imetokea wangenipigia, nikawaza. Kisha nikawaza, wangenipigiaje wakati hawapatikani? Nikaanza rozari nikaikosea, nikaanza upya, nikaikosea pale pale.

Uyole nilishuka saa tisa. Mwenye pikipiki akakubali kunipandisha Isyonje na mwanzi wangu, nikiwa nimeushika wima kama mbeba msalaba wa maandamano. Ukungu ulikuwa umeanza kushuka juu ya mashamba ya viazi. Sikuhisi baridi. Nilikuwa nasikiliza mbele kama nitasikia kilio cha matanga.

Kitu cha kwanza nilichokiona uani ni kitanda. Kilikuwa nje, kimesimama peke yake karibu na banda la kuku, kikapu kitupu, blanketi halimo. Mlango wa nyumba ulikuwa wazi na hapakuwa na mtu. Nikauangusha mwanzi. Nikaita, "Eveline!" na sauti iliyotoka sikuitambua. Nikaita tena. Kwenye kichwa changu mtoto alikuwa ameshazikwa.

Eveline akatoka jikoni na mwiko mkononi. "Mama? Umekujaje?"

"Gloria yuko wapi?"

"Yuko shambani na bibi yake." Akawahi kunishika. "Mama, nini? Mtoto hajambo. Mama?"

Nikamshikilia mwanangu nikalia. Nililia kwa kelele, siyo kilio cha adabu. Naye akadhani ameelewa, maana aligeuka akakitazama kile kitanda kule nje, na uso wake ukabadilika.

"Kwa hiyo umekiona," akasema. "Nilitaka nikuambie ila simu mbovu. Wiki mbili sasa, mama. Wiki mbili! Bibi yake aliamka siku moja akakitoa nje, akasema mtoto ana kifua, atalala mgongoni kwake. Gloria hana kifua chochote. Mchana kutwa amembeba, usiku analala naye. Ni dharau tu. Hajawahi kupenda kazi yako tangu sendofu. Na mimi nimeshamwambia Lusekelo, akirudi tutahama, siwezi kukaa na mtu anayemdharau mama yangu."

Nilifuta machozi. Wiki mbili. Nikaenda penye kitanda. Mti wa juu ulikuwa unang'aa na vanishi yangu ya mara tatu, mzuri kabisa, na chini yake kwenye kikapu palikuwa na ule unga. Kwenye ncha moja, mtu alikuwa amefuta unga kwa kidole, na matundu yalionekana wazi.

Mama Lusekelo akaja kutoka shambani na jembe begani, Gloria mgongoni amefungwa kwa vitenge viwili, kichwa kimelala upande, mdomo wazi. Alinikuta nimesimama pale. Akaweka jembe chini. Akautazama mwanzi wangu mpya pale ulipoanguka, kisha akanitazama mimi.

"Karibu, Mama Eveline. Meseji yako nimeiona sasa hivi, mtandao umeshika kule juu kwenye viazi. Ndoto yako imechelewa wiki mbili."

"Mama ameumia na wewe unamwambia maneno ya ndoto," Eveline akasema kwa hasira.

Mama Lusekelo akanisogelea mpaka tukawa bega kwa bega tukikitazama kitanda, akashusha sauti nisikie mimi tu. "Mimi nalima mahindi miaka thelathini. Unga wa dumuzi nisiujue? Nilimwambia mtoto ana kifua. Ningemwambia nini, kwamba mama yake amemletea mwanawe kitu kibovu? Ana maziwa ya kunyonyesha huyu, hatakiwi kuwa na mawazo." Kisha akaenda kukaa kwenye ngazi, mtoto bado mgongoni, akaanza kubandua udongo kwenye viatu.

Nikaelewa kwamba hatasema, kesho wala mwakani. Ataacha mkwewe amnunie, ahame hata nyumba, na hatasema. Nilikuwa nimebakiwa na kazi moja tu, kukaa kimya, na jina langu lingebaki safi Ipogolo na Isyonje pia. Nasema bila kujificha kwamba niliitamani nafasi ile. Niliitamani kwa muda wa mtu kuvua kanga na kujifunga tena.

Nikatoa kisu, nikakata kamba. Nikauchomoa ule mti wa juu.

"Eveline, njoo hapa."

Akaja. Nikauweka gotini mbele ya macho yake. Ulikatika kama kile kipande cha asubuhi, na unga ukamwagikia viatu vyangu, na wadudu wakatoka.

"Huu ni mwanzi wa kwa babu yako," nikasema. "Nimeukata mimi, Februari, mbeta zinaning'inia kichakani. Niliulamba nikajua. Asubuhi ya leo nilipiga simu nikaweza kusema na sikusema. Na ndoto sikuota. Mwenye kukufichia ni huyo aliyekaa pale, na anayestahili kununiwa ni mimi."

Eveline alikitazama kile kipande. Alikuwa amekulia chini ya viti vyangu, alinisikia nikimtukana Clement. "Wewe, mama?" akasema. Ni hayo tu. Sijawahi kupigwa kofi likaniuma hivyo. Kisha akaenda kule kwenye ngazi, akapiga goti mbele ya mama mkwe wake, akaanza kufungua vitenge ili ampokee mtoto, na Mama Lusekelo akasema, "Taratibu, mgongo huo umekufa ganzi," na wote wawili hawakunitazama.

Nilifanya kazi mpaka jua likaanza kuzama. Nilipima ule mwanzi wa Agosti, nikaukata, nikaulamba palipokatwa. Haukuwa na ladha yoyote. Nikampelekea Eveline aulambe. Akaulamba, akanirudishia, nami nikaufunga mahali pake.

"Umekwisha," nikasema. "Unaweza kumlaza."

Mama Lusekelo akainuka, akakitikisa kitanda, akausukuma mti wa juu kwa viganja vyote viwili. Akaingia stoo, akatoka na debe la viazi, akaliweka miguuni pangu.

"Walale hawa kwanza," akasema. "Siku tatu. Tuone."

Eveline alinitazama kuona nitasema nini, maana mdomo wangu anaujua. Niliinama nikaanza kupakia viazi kikapuni, kimoja kimoja, na nilipomaliza debe la kwanza nikamwomba aniletee na la pili.